Bomba la Nyumbani na Jirani wa Bondeni

Je, mtu anaweza kuwa na hatia kwa jambo ambalo hakulijua, hakulikusudia, wala hakulitenda kwa mkono wake mwenyewe? Swali hili ni la zamani katika Kanisa, na mara nyingi tunapolijadili tunachukua mifano mikubwa: vita, utawala, fedha za umma. Katika insha hii napenda tulijadili kwa mfano mdogo, ulio nyuma ya nyumba zetu nyingi hapa Usambara. Mfano huo ni bomba la majitaka.

Nyumba inapojengwa, fundi huja, huchimba, hulaza bomba, hufukia, hulipwa, huenda zake. Tangu siku hiyo mwenye nyumba anajua vizuri maji yanaingilia wapi, maana hapo ndipo analipia. Yanatokea wapi, hilo halimsumbui sana, kwa sababu hakuna anayemdai. Maji machafu yakishapita kwenye tundu la sinki, kwake yamekwisha. Lakini mbele za Mungu jambo haliishi kwa sababu tu halionekani tena. Maji yale yanaendelea na safari yake, na mwisho wa safari hiyo kuna mtu.

Jirani tusiyemwona

Sisi tunaoishi Lushoto, Soni, Bumbuli, Mlalo, Vuga na Mtae tumepewa na Mungu milima iliyo kama paa la nyumba za wengine. Mvua inayonyesha kwetu haibaki kwetu. Upande mmoja wa Usambara Magharibi, vijito hukusanyika, hupita Soni, hushuka Mombo na kuelekea mto Mkomazi. Mkomazi huingia mto Pangani, ambao hupita Korogwe na Hale hadi Bahari ya Hindi. Upande mwingine, mto Umba huanzia katika milima yetu hii, hushuka nyikani, na huvuka mpaka wa Kenya kabla ya kufika baharini karibu na Vanga. Kwa ndugu zetu wa Usambara Mashariki, mto Zigi hutoka milima ya Amani na kulijaza bwawa la Mabayani, ambalo ndilo chanzo cha maji ya jiji la Tanga.

Kwa hiyo kila anayekaa huku juu ana majirani ambao hajawahi kuwaona. Yupo mama wa Mombo anayechota maji ya mfereji. Yupo mkulima wa mpunga anayesimama ndani ya maji hayo tangu asubuhi. Na wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Tazama mabonde yetu wenyewe: kabichi, karoti, nyanya na hoho zinazopelekwa sokoni Tanga na Dar es Salaam zinamwagiliwa kwa maji ya vijito vinavyopita chini ya nyumba zetu. Kilichotoka bafuni kwetu kinaweza kurudi mezani kwetu kikiwa ndani ya kachumbari. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao.

Mwanasheria mmoja alimwuliza Bwana Yesu, jirani yangu ni nani? Katika mfano wa Msamaria mwema jirani yuko njiani, amelala, anaonekana, damu inamtoka. Kuhani na Mlawi walimwona, wakapita kando. Kosa lao lilikuwa la macho na moyo. Sisi tuna jaribu jingine, tena gumu zaidi: jirani yetu hayuko njiani tunakopita. Yuko bondeni, na sisi tuko mlimani. Hatuna hata haja ya kupita kando. Inatosha tusitazame chini.

Jinsi maji yanavyopotezwa njia

Ili tusiseme kwa jumla tu, tueleze jambo lenyewe. Nyumba nyingi katika miji yetu midogo hazijaunganishwa na mfumo wa pamoja wa majitaka. Kila nyumba inajitegemea. Choo cha maji kikijengwa vizuri, uchafu huingia katika karo lililojengwa kwa tofali au zege. Humo uchafu mzito hutuama chini, vijidudu huumeng'enya polepole, na maji yanayobaki juu huenda kwenye shimo la pili lililojazwa mawe, ambako udongo huyanywa na kuyachuja. Mpango huu ni wa zamani na ni mzuri, ukifuatwa.

Unaharibika kwa njia kama nne. Ya kwanza, bomba la jikoni, la bafuni na la mahali pa kufulia halipelekwi shimoni. Linatolewa nje ya ukuta na kuachiwa kwenye mfereji wa mvua. Watu husema, hayo ni maji ya sabuni tu. Lakini ndani ya maji hayo zimefuliwa nepi za watoto na shuka za wagonjwa. Ya pili, shimo la kunyonya maji linapojaa au kuziba, badala ya kuchimba jingine, mtu hutoboa karo upande wa juu na kuweka bomba la kupunguzia, nalo huelekezwa mferejini. Ya tatu ni kinyume chake: maji ya bati, yaliyo safi, yanaelekezwa ndani ya karo. Ikija masika, karo hufurika, na uchafu uliokuwa umetulia hutoka nao. Ya nne ndiyo tunayoijua kwa jina lake, nayo ni kutapisha choo: kungoja mvua kubwa, hasa usiku, kisha kufungua ili mafuriko yachukue kila kitu.

Hiyo ya nne hatuhitaji kuijadili sana. Anayefungua choo usiku wa manane anajua anachokifanya, ndiyo maana haifanyi kazi hiyo mchana. Swali letu linahusu zile tatu za kwanza, ambazo mara nyingi mwenye nyumba hakuziamuru, au alikubali bila kuelewa, au aliinunua nyumba ikiwa hivyo tayari.

Tusidhani pia kwamba ni tatizo la nchi zenye umaskini peke yake. Uingereza kuna mitaa mingi yenye mabomba mawili chini ya ardhi: moja la majitaka, linalokwenda kwenye mitambo ya kusafisha, na jingine la maji ya mvua, linalokwenda moja kwa moja mtoni. Fundi akikosea akaiunga mashine ya kufulia au choo kwenye bomba la mvua, mwenye nyumba hatambui lolote. Sinki halizibi, nyumba hainuki, maji yanakwenda. Mto tu ndio unaojua. Watu wa huko, walio na vyuo na sheria nyingi, wanaichafua mito yao bila kujua, miaka na miaka. Basi elimu peke yake haimtoi mtu katika swali hili, wala umaskini peke yake haumwingizi.

Mama asiyekuwa na kosa

Kuna tukio moja katika historia linalonisaidia kufikiri. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kilizuka ghafla katika mtaa wa Broad Street, eneo la Soho, London. Katika muda wa majuma machache watu zaidi ya 600 walikufa. Daktari John Snow aliamini kwamba ugonjwa ulitoka katika pampu moja ya maji ya mtaani, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu hiyo uliondolewa. Wengi hawakumwamini. Mmoja wa waliopinga alikuwa kasisi kijana wa Kianglikana, Henry Whitehead, aliyekuwa mhudumu wa parokia ya eneo hilo.

Whitehead aliwajua watu wa mtaa ule kwa majina, nyumba kwa nyumba, kwa kuwa ndio waliokuwa kundi lake. Alianza kuwatembelea na kuwauliza, akitaka kuonyesha kwamba daktari amekosea. Kadiri alivyouliza, ndivyo alivyozidi kuona kwamba daktari amesema kweli. Hatimaye alipata chanzo chenyewe. Katika nyumba namba 40, iliyo mbele ya pampu, mtoto mchanga aliugua kuhara siku chache kabla ya mlipuko. Mama yake alifua nepi na kumwaga maji katika shimo la majitaka la nyumba. Kuta za shimo hilo zilikuwa zimeoza, nalo lilikuwa umbali usiofika mita moja kutoka kisima. Mtoto yule alikufa, na baadaye baba yake pia.

Niambie, ndugu msomaji: yule mama alitenda dhambi? Alifanya kila kitu ambacho mama mwema hufanya. Aliuguza, alifua, alimwaga maji mahali palipotengwa kumwagia. Hakuna hakimu mwenye haki angemhukumu. Na bado, kupitia mikono yake yenye upendo na shimo bovu lililojengwa na wengine, mauti ilipita kwa mamia ya watu.

Hapa ndipo wengi wetu hukimbilia upande mmoja kati ya pande mbili. Wengine husema: hakujua, kwa hiyo hakuna la kusemwa, yaishe. Wengine husema: watu wamekufa, lazima awepo mwenye kulaumiwa. Biblia haituachi katika upande wowote kati ya hizo.

Dhambi iliyofichika

Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 4 na ya 5, kinaeleza kwa urefu juu ya mtu aliyekosa pasipo kukusudia. Anaweza kuwa kuhani, kiongozi, mtu wa kawaida, au hata mkutano wote wa Israeli. Mtu anaweza kugusa kitu kichafu bila kujua, na baadaye akajulishwa. Torati haimwambii, kwa kuwa hukujua, nenda zako. Wala haimwambii, wewe ni muuaji. Inamwambia: sasa umejua, basi lete sadaka. Na mwandishi wa Zaburi ya 19 anaomba asafishwe hata makosa ambayo yeye mwenyewe hayaoni.

Tafsiri yangu ni hii. Kujua hakuleti uchafu. Uchafu ulikuwepo tangu siku fundi alipofukia bomba. Kujua kunaleta saa ya toba. Kabla ya saa hiyo, mtu ni sehemu ya madhara bila kuwa adui wa jirani yake. Baada ya saa hiyo, akinyamaza, anakuwa kitu kingine. Kwa hiyo zipo hali tatu, na ni vema kila mmoja ajiulize yuko katika ipi. Kuna kutojua. Kuna kujua na kutotenda. Na katikati kuna hali ya tatu, iliyo hatari kuliko zote kwa mtu wa kanisa: kutotaka kujua. Huyu ana mashaka kidogo na bomba lake. Ameona nyasi za mferejini zimestawi mahali pamoja wakati wa kiangazi. Ameona mbu, amesikia harufu. Lakini hafuati bomba, kwa sababu anajua kwamba akilifuata atalazimika kutoa fedha. Kutojua kwake amekununua.

Mtu wa namna hii hujitetea kwa maneno ya yule mama wa London, lakini hafanani naye. Mama yule hakuwa na namna ya kujua. Hata madaktari wakubwa wa siku zake waliamini kipindupindu kinaletwa na hewa mbaya. Sisi hatuna kisingizio hicho. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea karibu nchi nzima. Hadi mwaka uliofuata watu zaidi ya 20,000 waliugua, na zaidi ya 300 wakafa. Kila zahanati ilitufundisha kwamba ugonjwa huo, kama homa ya matumbo na kuhara damu, hupita katika maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Tumefundishwa pia kwamba maji maangavu si lazima yawe maji salama. Baada ya kufundishwa hayo, kutotazama ni uamuzi.

Tone langu ni dogo

Kuna utetezi mwingine, nao husemwa kwa unyenyekevu: mchungaji, mimi ni mtu mmoja, na mto ni mkubwa. Bomba langu moja litauchafua? Nikiliziba, mto utakuwa safi?

Ukweli ni kwamba hesabu yake ni sahihi. Bomba lake peke yake pengine lisingeua mtu. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na hiyo ni kweli kwa uchafu kama ilivyo kweli kwa akiba. Mteremko wenye nyumba 100, kila moja ikisema tone langu ni dogo, unatengeneza mto ambao hakuna hata mmoja wa wenye nyumba angekubali mtoto wake aunywe. Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anawashtaki kondoo walionona. Hawakuitwa mbwamwitu, ni kondoo wa kundi lile lile. Kosa lao ni kwamba walikunywa maji maangavu, kisha wakayavuruga kwa miguu yao, na wenzao wakalazimika kunywa yaliyochafuliwa. Angalia kwamba kuyavuruga maji hakuhitaji nia ya kuwadhuru wengine. Kutembea tu kunatosha. Na Mungu anasema atahukumu kati ya kondoo na kondoo.

Maneno hayo yanatuhusu sisi wa milimani kwa namna ya pekee. Sisi hunywa kwanza. Chemchemi ziko kwetu, na ubaridi wa msitu wa Magamba ni wetu. Anayekunywa kwanza ana deni kwa anayekunywa baadaye, kama vile anayeketi mezani kwanza asivyopaswa kutia mkono wake mchafu katika sinia.

Na kama hakuna anayejua ni bomba la nani lililomwua mtoto wa bondeni, je? Kumbukumbu la Torati sura ya 21 ina amri ya ajabu. Mtu akikutwa ameuawa shambani na mwuaji hajulikani, wazee hutoka na kupima umbali hadi miji ya jirani. Wazee wa mji ulio karibu zaidi hushuka katika bonde lenye maji yatiririkayo, na huko hufanya ibada ya kuomba damu hiyo isihesabiwe juu yao. Hawakuua. Hawakuona. Lakini maiti iko karibu na mji wao, na kwa hiyo haiwezekani waendelee kula chakula chao kana kwamba hakuna kilichotokea. Torati inatufundisha kwamba mahali ambapo hatia ya mmoja haiwezi kuthibitishwa, wajibu wa wote hauondoki. Ninatamani wazee wa kanisa, viongozi wa jumuiya na wenyeviti wa vitongoji wasome sura hiyo pamoja wakati wa masika, mito ikiwa imejaa.

Sheria, amri na moyo

Nchi yetu haikukosa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasimamia mabonde ya maji, na mito yetu iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Sisi Walutheri tunafundisha kwamba sheria ya serikali ni kipawa cha Mungu, kinachozuia uovu hata kwa wasioamini. Sina neno la kuidharau.

Hata hivyo historia ya milima yetu inatufundisha mipaka ya amri. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo. Watu walilazimishwa kulima matuta katika mashamba yao ya mteremko, na asiyelima aliadhibiwa. Nia ya kuzuia mmomonyoko haikuwa mbaya, lakini watu waliuchukia mpango ule, wakaupinga, nao ukaachwa kabla ya Uhuru. Mtu aliyelimishwa tuta kwa fimbo alilibomoa fimbo ilipoondoka. Na bomba ni gumu zaidi kulisimamia kuliko tuta, maana tuta linaonekana barabarani, bali bomba limefukiwa. Hakuna afisa atakayechimba nyuma ya kila nyumba. Anayeweza kujua kilichoko chini ya udongo wangu ni mimi na Mungu wangu.

Wazee wa Kishambaa walikuwa na maneno mawili ya kumpimia zumbe: kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi na kuiponya, na kubana shi, yaani kuiharibu. Zumbe mwema ni yule ambaye chini yake mvua hunyesha, chakula hupatikana na watu huishi. Siku hizi, kwa kadiri ya bomba lake, kila mwenye nyumba ni zumbe mdogo. Anaiponya nchi au anaiharibu, bila ngoma wala kiti cha enzi.

Asiye na uwezo

Lazima sasa niseme neno juu ya fedha, maana bila hilo yote niliyosema yatakuwa mzigo juu ya mabega ya mjane. Kujenga karo na shimo lake kunahitaji saruji, mawe, nondo na malipo ya fundi. Wapo washarika ambao kwao gharama hiyo ni mavuno ya misimu mingi. Mwingine ana kiwanja kidogo chenye mteremko mkali, na hana mahali pa kuchimba pasipokuwa juu ya chemchemi ya mwenzake. Kumwambia huyu umetenda dhambi na kumwacha hapo, ni kufanya kama wale walimu wa sheria ambao Bwana aliwakemea kwa kuwatwika watu mizigo wasiyoigusa hata kwa kidole.

Paulo anawaambia Wagalatia wachukuliane mizigo. Ikiwa uchafu wa maji ni wa wote, tiba yake nayo ni ya wote. Tunajua msaragambo. Tumejenga kwa msaragambo barabara, madarasa na makanisa. Kwa nini tusichimbe shimo la mama mzee asiye na watoto? Katika bajeti ya diakonia ya usharika, mifuko kadhaa ya saruji kwa nyumba mbili au tatu kila mwaka ni sadaka inayomfikia mtu wa Mombo ambaye hatajua jina letu. Na hukumu ianze katika nyumba ya Mungu. Kabla hatujazungumza na mtu yeyote, tuzifuate bomba za nyumba zetu za wachungaji, hosteli, shule, vituo vya wageni na zahanati zetu.

Na mwenye bomba bovu akiwa jirani anayejiweza? Bwana Yesu ametupa utaratibu katika Mathayo 18: mwendee kwanza, wewe na yeye peke yenu. Usianzie kwa mtendaji wa kijiji, wala usianzie kwenye kikao cha kahawa. Piga hodi, salimia, kaa, uliza habari za nyumbani, kisha sema: Mzee, nimekuja kwa jambo dogo, maji ya upande wenu yanatufikia kule chini, naomba twende tukayatazame pamoja. Neno hilo, pamoja, linaweza kuokoa mto na ujirani kwa mara moja. Asiposikia, ndipo uende na wawili watatu, na baadaye kwa wenye mamlaka. Kumheshimu mtu si kumwachia aendelee kuwadhuru wengine.

Imani haisamehi uzembe

Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Martin Luther alibaki mjini na mkewe Katharina kuwahudumia wagonjwa, na akawaandikia wachungaji wa Breslau waliomwuliza kama Mkristo anaruhusiwa kuikimbia tauni. Aliwasifu wanaobaki kwa ajili ya wito wao. Lakini aliwakemea vikali pia wale waliopuuza dawa na tahadhari wakisema wanamtegemea Mungu. Alifundisha kwamba kufanya hivyo ni kumjaribu Mungu, na kwamba aliyepuuza hata akamwambukiza mwenzake ana sehemu katika kifo chake. Kwa Luther, amri ya tano haiishii kwenye kisu na sumu. Inagusa kila mahali ambapo ningeweza kumkinga jirani yangu mwilini nami sikumkinga.

Wengine wanaona aibu mchungaji kuzungumzia vyoo madhabahuni. Mungu hakuona aibu. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23 anawaamuru Waisraeli wawe na kijiti cha kuchimbia nje ya kambi na kufukia uchafu wao, kwa sababu Bwana mwenyewe hutembea katikati ya kambi. Utakatifu wa kambi ulifika mpaka kwenye shimo lile. Na sisi tunabatiza kwa nini? Tunafundisha watoto wa kipaimara kwamba ubatizo si maji matupu, bali ni maji pamoja na Neno la Mungu. Ni kweli. Lakini ni maji. Mungu angeweza kuchagua kitu kingine, akachagua hiki ambacho kila kiumbe hukitegemea. Siwezi kuona namna ya kuyaheshimu maji kwenye kisima cha ubatizo Jumapili, na kuyadharau mferejini Jumatatu.

Nirudi kwenye swali la mwanzo. Mtu asiyejua hana hatia ya kukusudia, na Kristo aliyewaombea wasiojua walitendalo hatamkatia tamaa. Lakini neema haikutolewa ili tuendelee kutojua. Aliyesamehewa haogopi tena kutazama, kwa sababu anachokiona hakiwezi kumtenga na Bwana wake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mtu wa sheria na mtu wa Injili mbele ya bomba lake: wa kwanza anaogopa kulifuata kwa kuwa litamhukumu, wa pili analifuata kwa kuwa amekwisha kupokewa.

Basi lifuate. Kazi hii haihitaji mtaalamu. Weka rangi ya chakula katika ndoo ya maji, uimwage kwenye sinki, kisha bafuni, kisha chooni, kila kimoja kwa siku yake. Mtoto mmoja asimame mferejini na mwingine kijitoni. Rangi isipotokea, mshukuru Mungu, lakini rudia mvua ikinyesha. Ikitokea, umeletewa habari mapema, kabla haijaletwa na jeneza la mtu. Tengeneza bati limwage mahali pake, bomba la bafu liingie shimoni, na tundu la karo lizibwe. Usipoweza, waambie wazee wa mtaa wako, na mtaa usikuache peke yako. Elisha alipoombwa kuyaponya maji ya Yeriko hakuhangaika na vikombe vya wanywaji. Alitoka akaenda mpaka penye chemchemi, akatia chumvi pale. Chanzo cha mito ya watu wengi kiko kwetu, na hatuna haja ya kwenda mbali kukitafuta.